Korosho bado ziko mtini, chuo kinataka fedha

Dada Mshauri, kama umri wako umenizidi pokea shikamoo, kama sivyo basi hujambo.

Mimi ni mkulima wa kijiji kimoja wilayani Newala. Nina watoto watatu. Wa kwanza, wa kike, amemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCB. Matokeo yametoka, daraja la pili, pointi 10: Baiolojia C, Kemia C, Fizikia D. Siku ile watu walikuja kunipongeza mpaka usiku. Kulipokucha mawazo yakaanza.

Mwenyewe hayupo, yuko JKT kwa mujibu wa sheria. Simu anaipata Jumapili, dakika chache tena kwa foleni. Kabla hajaondoka aliniambia neno moja tu, "Mama, mimi udaktari." Sikumjibu. Naogopa miaka mitano, naogopa Dar es Salaam, na zaidi naogopa deni la Bodi ya Mikopo. Kuna mwalimu hapa kijijini kila mwisho wa mwezi analalamika mshahara wake unakatwa. Moyo wangu unataka binti asome stashahada ya utabibu au uuguzi huku huku Kusini, Mtwara mjini au Masasi, miaka mitatu basi, na mwisho wa wiki awe anarudi nyumbani.

Kaka yangu ameleta mnunuzi. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, akisema amesema. Huyo mnunuzi atanipa laki sita taslimu leo, na msimu ukifika nitampa kilo 500 za korosho. Nina mikorosho 60 niliyoachiwa na marehemu mama, na mwaka jana nilivuna kilo 640. Kaka anasema nikiikataa hiyo fedha mtoto atakaa nyumbani, maana chuo kitafunguliwa kabla fedha za mnada hazijaingia benki. Najua hii ni kangomba, kuuza korosho nje ya ushirika kinyume cha sheria. Najua watu wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, wakisikia sitakuwa na uso. Lakini sioni njia nyingine.

Yako mawili tena. Baba yake aliondoka mwaka 2011 kwenda Msumbiji, hajarudi wala hajatuma salamu. Kijana wa steshenari anayejaza fomu za mkopo ameniambia nijaze kuwa amefariki, eti mkopo utatoka wote, na cheti cha kifo atanitengenezea yeye kwa elfu arobaini. La pili, kwenye cheti cha kuzaliwa jina la baba limeandikwa Saidi, kwenye vyeti vya shule ni Said. Kijana huyo anasema hilo halina shida.

Ndani nina elfu tisini, na hisa zangu kwenye kikundi zimefika laki mbili na nusu. Niipokee ile laki sita? Na je, ni vibaya nikimshawishi mtoto achukue stashahada?

Mama wa Pointi 10, Newala

JIBU

Mama wa Pointi 10, hujambo, na hongera. PCB haimwonei mtu haya, na C mbili na D si kazi ndogo.

Nikiisoma barua yako naona umefunga mambo matatu kwenye kitenge kimoja. Kuna fedha za kuanzia, kuna kozi gani na wapi, na kuna karatasi. Kaka yako anazungumza la kwanza, binti yako la pili, kijana wa steshenari la tatu, na wewe wote umewabeba kichwani. Tuyafungue moja moja, tuanze na korosho kwa sababu mnunuzi anasubiri jibu.

Laki sita kwa kilo 500 ni shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya mnada hupanda na kushuka. Minada ya kwanza ya Oktoba 2024 ilipita shilingi 4,000, na ipo misimu iliyokuwa chini sana ya hapo. Tusijipe matumaini makubwa, tuseme baada ya makato yote ya ushirika, ghala na usafiri ubakiwe na 2,500 kwa kilo. Kilo 500 zingekuwa 1,250,000. Kwa hiyo umepokea laki sita na kwa miezi mitatu hivi umezilipia laki sita na nusu juu yake. Kama mavuno yatakuwa ya mwaka jana, utabakiwa na kilo 140 za kulisha nyumba, kusomesha wadogo wawili na kuhudumia shamba. Ugonjwa wa ubwiriunga ukipiga maua ukavuna kilo 400, bado unadaiwa kilo 100, nazo zinahamia msimu ujao kwa masharti atakayoyapanga yeye. Kuvunja sheria na kukosa uso mbele ya AMCOS umekutaja mwenyewe. Mimi nimeweka hesabu tu, kwa sababu mnunuzi wa kangomba huitaja ile laki sita kwa sauti na zile kilo 500 kwa kunong'ona.

Hata hivyo kaka yako hakukosea kalenda. Vyuo vikuu vingi hupokea wanafunzi wapya kati ya Oktoba na Novemba, minada huanza Oktoba, na tangu korosho zako zipite mnadani mpaka fedha zisome kwenye akaunti hupita siku, wakati mwingine wiki kadhaa. Pengo lipo. Ninalouliza ni ukubwa wake. Je, ni laki sita kweli, au hiyo ni namba iliyokuja na mnunuzi?

Zitenge shilingi zako kwa wiki zinazohitajika. Za sasa hivi ni ada za maombi ya vyuo, ambazo kila chuo kina yake, ada ya maombi ya mkopo ambayo ni 30,000 na hairudishwi, uhakiki wa cheti RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), kiapo, picha za pasipoti na kuchapisha fomu. Elfu tisini inaweza kuyabeba haya ikiwa hamtaomba vyuo kumi. Hapa ndipo wengi humwaga fedha, wanaomba kila mahali kwa hofu. Vyuo vitatu vilivyochaguliwa kwa kusoma mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, vinamfaa mtoto kuliko saba vya kubahatisha.

Fungu la pili ni la siku ya kuripoti, nalo ndilo huwaumbua wazazi wanaodhani mkopo unalipa kila kitu. Mkopo haugusi michango midogo iliyo kwenye fomu ya kujiunga: bima ya afya ya mwanafunzi ambayo imekuwa 50,400 kwa mwaka, ada ya TCU ya 20,000, kitambulisho, chama cha wanafunzi. Weka nauli, godoro, ndoo, na chakula cha mwezi mzima, kwa sababu boom la kwanza, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi, mara nyingi huchelewa na mtoto hawezi kusubiri na njaa. Fomu ya kujiunga ikitoka, chukua kalamu ujumlishe mistari hii peke yake. Inawezekana ukakuta pengo lako ni laki tatu au nne.

Laki tatu au nne unaweza kuzitafuta kwingine. Vikundi vingi vya hisa hukopesha hadi mara tatu ya hisa, hivyo laki mbili na nusu yako inaweza kukupa nafasi ya kukopa laki nne. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, miezi mitatu ni 120,000. Si kidogo, ila si 650,000. Hatari yake nayo uijue. Kikundi hudai rejesho kila mwezi, na mwezi wa kwanza korosho bado hazijauzwa. Ukishindwa, unawashinda majirani zako. Kabla hujachukua, omba waandike kwamba rejesho kubwa litakuja baada ya mnada, na usikie watakavyojibu. Hukutaja mbaazi. Kama unazo shambani, huvunwa mapema kuliko korosho na zinaweza kuziba kipande. Tena ada yenyewe vyuo vingi huipokea kwa awamu, na mwenye mkopo huwa anasubiriwa kwa utaratibu wa chuo. Wasiliana na ofisi ya udahili uulize ni kiasi gani hasa kinatakiwa ili mtoto asajiliwe, usiogope kuonekana huna.

Sasa kozi. Kwanza nikuondolee mkanganyiko ambao hata watu wa mjini wanao. Pointi 10 za NECTA, baraza la mitihani, si pointi 10 za TCU. NECTA huhesabu A kuwa 1 na E kuwa 5, ndogo ndiyo nzuri. TCU hugeuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, kubwa ndiyo nzuri. C, C na D za binti yako kwa TCU ni 8. Kwa jumla anayo sifa ya kuingia chuo kikuu, maana kiwango cha chini kwa shahada ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Lakini kila kozi ina masharti yake kwenye mwongozo, na kwa udaktari kwenye vyuo vya serikali kutimiza kiwango cha chini ni kupata namba ya foleni tu. Wenye A na B wamesimama mbele. Anaweza kupata, anaweza kukosa. Ndiyo maana mpangilio wa machaguo una uzito: udaktari ukitangulia, ufuatwe na kozi ambazo kweli angezisoma, kama shahada ya uuguzi, maabara, famasia au afya ya mazingira, zisijazwe kwa kujaza nafasi tu. Kuna pia ufadhili wa Samia kwa waliong'ara zaidi katika sayansi kidato cha sita, ila kwa alama hizi nisingeujengea mipango.

Kuhusu stashahada, hakuna ubaya kuipenda. Utabibu wa miaka mitatu humfanya mtu afanye kazi mapema, na akimaliza na GPA ya 3.0 na alama za kidato cha nne zikimruhusu, anaweza kuomba udaktari baadaye. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi imeanza pia kukopesha baadhi ya stashahada za kipaumbele, zikiwemo kadhaa za afya. Ila naomba nizisukume kidogo dhana zako mbili. Moja ni kwamba karibu ni rahisi. Ada ya chuo binafsi cha afya kilicho karibu inaweza kuizidi ada ya chuo kikuu cha serikali kilicho mbali, hasa mwanafunzi wa hicho cha mbali akipata mkopo. Ulizia ada ya mwaka, sare, vifaa na mafunzo ya vitendo kabla hujasema nafuu. Nyingine ni kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Mwanafunzi wa afya akianza zamu za wodini, Jumamosi na Jumapili ni siku kama nyingine. Je, unachokihofia ni gharama, au ni nyumba itakayobaki bila yeye? Kuhofia hivyo hakuna aibu, lakini dawa yake si ile ya gharama.

Wala hulazimiki kuchagua leo. Maombi ya shahada hupelekwa vyuoni chini ya utaratibu wa TCU, ya stashahada yako chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na mtu anaweza kuomba huku na huku akaamua barua zikiwa mkononi. Gharama yake ni ada mbili za maombi, na hatari yake ni kuchanganya tarehe za kuthibitisha.

Deni la Bodi nalo tulitazame usoni. Mwalimu wenu anakatwa kwa sababu ana mshahara, na makato kwa mwajiriwa ni asilimia 15. Inauma, hasa mtu akiwa na mikopo mingine ya benki juu yake. Lakini ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyofanya deni liwe halipungui hata mtu akilipa, iliondolewa mwaka 2021 pamoja na faini ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Mkopo wa leo si ule anaoulalamikia mwalimu. Hatari iliyobaki ni mbili. Bodi inaweza kumpa binti sehemu tu ya ada, na daktari naye siku hizi anaweza kumaliza akasubiri ajira huku deni likiwa lake. Fedha ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, hutoka kwa mafungu. Majina ya waliopata hutangazwa kwa awamu, kwa hiyo asiyejiona orodha ya kwanza asilie mapema, na kuna dirisha la rufaa kwa asiyeridhika.

Hapo ndipo linapokuja la baba yake. Kila cheti cha kifo kinachoingia kwenye maombi hupitishwa kwanza RITA kuhakikiwa, na cheti cha kutengenezwa hakina kumbukumbu huko. Kijana atabaki na elfu arobaini yake. Anayetia saini ya fomu na kuapa mbele ya kamishna wa viapo ni binti yako, si yeye wala wewe. Kosa likionekana, litaandikwa kwa jina la msichana wa miaka kumi na tisa au ishirini anayetaka kuwa daktari. Na tuseme ukweli, baba kuwa hai hakumfungii mtoto mkopo. Mama mkulima mdogo anayelea peke yake ni hali ambayo mtendaji wa kijiji anaijua, na yeye ni miongoni mwa wanaotia saini na muhuri kwenye fomu hiyo. Kama kaya yenu imo, au iliwahi kuwamo, kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, hilo lisikupite. Pata uthibitisho kwa mratibu wa TASAF wa wilaya, kwa sababu Bodi hulizingatia.

Saidi na Said kuna shida, tena ndogo inayotibika mapema na kuwa kubwa ikichelewa. Mifumo husoma herufi, haisikilizi matamshi. Vyeti vya NECTA ni vigumu kuvigusa, basi kawaida linalonyooshwa ni la upande wa cheti cha kuzaliwa, kwa marekebisho RITA au kwa kiapo cha majina kupitia wakili au mahakamani. Nenda ofisi ya RITA ya wilaya na vyeti vyote viwili uwaulize ni ipi inayofaa kwa tofauti ya herufi moja. Kama cheti chenyewe ni kile cha zamani kilichoandikwa kwa mkono, uliza papo hapo kama kimo kwenye mfumo wao wa sasa. Usisubiri Agosti, foleni ya uhakiki hunona wiki za mwisho.

Kijana wa steshenari unaweza kuendelea kumtumia kwa kuchapisha na kuskani, mradi akaunti isifunguliwe kwa simu yake wala barua pepe yake. Mtoto akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, TCU hutaka athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe iliyojazwa. Wapo waliopoteza nafasi kwa sababu ujumbe ulikwenda kwa mtu aliyekwishabadilisha laini. Tumia laini yako au ya binti iliyo mikononi mwako, iwe na chaji, na nywila zote ziandikwe kwenye daftari. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iliyotumika kuomba chuo iwe ile ile kwenye mkopo. Akiwa aliwahi kurudia mtihani na ana namba mbili, mchague moja na msimame nayo.

Kaka yako sidhani kama ni adui katika hili. Ameona mpwa wake anaweza kukwama akaleta kile anachokijua. Badala ya kumwambia hapana, ungeweza kumpelekea ile karatasi ya hesabu na kumpa kazi. Fomu ya mkopo inahitaji mdhamini mwenye kitambulisho, picha na saini, na mjomba anaweza kusimama hapo. Pia kuna safari ya RITA, na kuna kukaa na kikundi kuzungumzia rejesho. Akisisitiza kangomba baada ya hayo, angalau mnaweza kuzungumza kilo, kwamba kwa nini 500 na isiwe 100 za kuziba shimo lililoonekana. Hata kilo 100 zina hasara na kosa lile lile la kisheria, nalisema ili usije ukadhani nimekufungulia mlango.

Aliyebaki ni mwenye mtihani. Jumapili akipiga, dakika zenu ni chache, kwa hiyo andika maswali kabla. Namba yake kamili ya kidato cha nne ni ipi, na kitambulisho cha NIDA au namba yake viko wapi? Anatoka kambini tarehe ngapi, maana fomu inasubiri saini yake, na kama tarehe inapita mwisho wa dirisha kurasa zitapelekwaje na kurudishwa? Kisha swali moja ambalo katika barua yako nzima sikuona likiulizwa na mtu: kati ya udaktari, uuguzi na maabara, kipi angekubali kukisoma hata kama udaktari haukutoka mwaka huu. Mwache amalize kujibu kabla hujamwambia la stashahada.